Maqam Hijaz (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) kwenye piano: vidole vinakwama Eb hadi F#

Wakuu, Hijaz ya D (D, Eb, F#, G, A, Bb, C, D) mkono wa kulia nitumie vidole gani? Eb (E iliyoshushwa) kwenda F# (F iliyopandishwa) panakatika.

Jibu: Kulia 1-2-3 (1 ni gumba, 5 ni kidole kidogo), gumba lipite chini lishike G, kisha 2-3-4-5. Kushoto 5-4-3-2-1, cha 3 kivuke juu ya gumba hadi Bb, halafu 2-1. Pengo hilo la Eb na F# ni nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani), kwa hiyo usitanue vidole: sogeza mkono mzima, ukiwa ndani karibu na vitufe vyeusi. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo.

Jibu: Kupanda na kushuka tu hakutoshi, mkuu. Kushoto shikilia D. Kulia zungusha D hadi G, kisha tulia D. Ukitulia sana kwenye G, sikio litasikia G maina na ladha ya Hijaz itapotea. Kodi (noti zinazopigwa pamoja): D meja, Eb meja, C maina.

Jibu: Bayati ya D (maqam nyingine) usiihangaikie kwenye piano ya kawaida. Noti yake ya pili iko katikati ya Eb na E. Fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) za taarabu ndizo zinazoifikia.