Beetle yangu inavuja oili, sili nimebadilisha mara mbili. Naombeni ushauri

Spana Mkononi: Wakuu, habari za saa hizi. Nina Volkswagen Beetle ya 1971, injini ya 1600. Inavuja oili pale injini inapokutana na giaboksi. Sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, nimebadilisha mara mbili ndani ya miezi mitatu, na bado kila asubuhi nakuta duara chini ukubwa wa sahani. Rejeta nimesafisha, oili nimeweka nzito zaidi, hola. Swali ni moja tu: sili ya tatu, au nifungue injini yote? Wenye uzoefu tu, tafadhali.

Pancha: Yangu haivuji hata tone. Haina injini.

Mama Gereji: Mwanangu, kwanza nusa. Oili ya giaboksi nayo hudondokea hapo hapo, ila yenyewe inanuka kama kiberiti. Kisha osha chini kote, kausha, nyunyiza poda ya mtoto, washa dakika kumi, chungulia. Poda itakuonyesha njia. Oili hutambaa, inapodondokea sipo inapotokea.

Mzee wa Kabureta: Umenikumbusha lori la marehemu baba. Lilivuja mpaka tukalifungia kopo chini. Jioni tunachuja kwa kitambaa, tunarudisha. Neno gasketi alikuwa hataki kulisikia. Siku moja kopo likadondoka njiani, mzee akageuza lori akarudi kulitafuta mpaka giza likaingia. Hatukulipata.

Kimyakimya: Kila tone linaingia ardhini, na watoto wanacheza hapo hapo. Vijana mnapenda vya kale, gharama zake hamtaki.

Spana Mkononi: Pole kwa kopo, mzee wangu. Mama, nimenusa, ni ya injini.

Mama Gereji: Haya. Shingo ya flaiwili uliitazama? Sili ya zamani huichimba mfereji, mpya ikikaa juu ya mfereji itavuja tu. Mchezo wa krenki, ule mhimili unaozungusha flaiwili, mbele na nyuma ulipima? Uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Na ule mpira wa kupumulia, unaotoka kwenye shingo ya kujazia oili kwenda kwenye kichujio cha hewa, ukoje?

Spana Mkononi: Vyote hivyo fundi aliangalia.

Mama Gereji: Sijamuuliza fundi. Mpira upo?

Spana Mkononi: Upo. Yaani upo, ila nimeuziba. Moshi wa oili ulikuwa unachafua kichujio. Nilichonga kizibo cha mti, kimekaa vizuri mno, hakitikisiki. Na kabla hamjanirukia: kuvuja kulianza wiki mbili baada ya kizibo, kwa hiyo havihusiani.

Pancha: 😂😂😂

Mama Gereji: Wiki mbili! Mwanangu, hakuna ringi ya pistoni inayozuia kila kitu. Moshi kidogo wa mlipuko hupenya hadi kwenye krenki, na ukinyimwa njia yake utaisukuma oili popote palipo dhaifu. Sili hizo mbili umezionea. Toa kizibo, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, maana kama moshi ulikuwa mwingi kiasi hicho, ringi zimechoka.

Spana Mkononi: Nimekuelewa, mama. Ila Jumamosi tumeahidiana na fundi tuishushe injini, na seti ya gasketi nimeshanunua. Nikimwambia ni kizibo nitaonekanaje? Bora tufungue tu, tuwe na uhakika.

Mpelelezi: Ngojeni kwanza. Injini ya Beetle inapozwa kwa hewa. Haina maji, haina rejeta. Rudini juu mkasome: "Rejeta nimesafisha." Huyu hana gari, anatunga.

Kimyakimya: Na mimi nimeshamhubiria!

Pancha: Kama katunga, kile kizibo nakipa zawadi.

Mzee wa Kabureta: Kopo langu lakini ni la kweli.

Spana Mkononi: Nimemaanisha rejeta ya oili, iliyo kwenye boksi la feni. Fundi wangu ndivyo anavyoiita.

Mpelelezi: Imo ndani ya boksi. Uliisafishaje bila kulifungua? Weka picha.

Spana Mkononi: Nilipuliza hewa.

Mama Gereji: Rejeta hiyo ipo, Mpelelezi, na sili zake zikichoka oili hushukia upande wa kushoto. Awe anatunga au hatungi, kizibo kitoke kabla ya Jumamosi.

Spana Mkononi: Nimekitoa jioni hii, injini ikiwa inaunguruma. Kukigusa tu kikaruka. Nimetandika kadibodi safi chini, asubuhi nitaangalia. Fundi sijamwambia.

Mpelelezi: Picha ya kizibo?

Spana Mkononi: Nimesema kimeruka. Natafuta na tochi hapa.

Mzee wa Kabureta: Usikitafute, mwanangu. Ingia ndani ulale.