Watoto wanaohamia shuleni kwetu wanakaa kama wageni, tufanyeje? (Kigoma)

Mwl wa Mwembeni
Habari zenu wadau, mi ni mwalimu wa msingi hapa Kigoma mjini, shule sitaitaja. Nafundisha la nne, watoto 94 chumba kimoja. Shida yangu ni hawa wanaohamia katikati ya mwaka, wengine wanatoka Kasulu na Buhigwe, wengine kambi za wavuvi huko kusini, mzazi akihama na kazi mtoto anahama naye. Wakifika wanakaa kama abiria anayesubiri treni. Kuna mmoja ana wiki ya tano sasa, mapumziko anasimama kwenye mwembe nyuma ya vyoo peke yake anachora chini na kijiti, ukimsogelea anafuta kwa mguu. Darasani akijibu wenzie wanacheka maana Kiha kimemjaa mdomoni, "kalamu" inatoka "karamu", sasa hajibu kabisa. Nimewagombeza wanaocheka, ndo kwanza wakahamishia kucheka nje. Na wazazi ndo usiseme, kikao cha mwezi uliopita walikuja mama 11 na baba 1, na huyo baba alifuata karatasi ya uhamisho tu. Mkuu anasema wazazi wa huku hawana mwamko. Naombeni mawazo ila msiniambie semina, hela ya semina haipo.

Baba Zai
Mwalimu salama? Mi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, hiyo ya mwamko inatuuma sana. Kikao mnaweka saa tatu asubuhi siku za giza, hapo mi ndo nimetoka ziwani nimekesha na taa, dagaa hawajaanikwa, mama Zai yuko kwenye chanja. Nije saa ngapi? Wekeni wiki ya mbalamwezi, dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka kwa hiyo tunakuwa nyumbani tunashona nyavu na kupiga soga. 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti tulikaa bure miezi mitatu mizima, hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuita. Tena mkituita ni mchango wa dawati au mtoto kapigana, siku nyingine hamtujui.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Mi nilisoma bweni hapa Tabora. Form one ukifika unapewa mwenyeji wa form two, anakuonyesha bomba lenye maji, mpishi mkali ni yupi, saa ya kukimbilia foleni. Kusema ukweli wengine walitugeuza wafua nguo zao, hilo mwalimu uliangalie. Ila wangu alikuwa mropokaji balaa, wiki mbili tu nilishajua majina ya bweni zima. Kwa hiyo usimpe kiranja yule anayejibu kila swali, mpe mtoto mwenye mdomo, anayegombezwa kwa kupiga kelele. Huyo ndo atamtoa chini ya mwembe.

Mkongwe77
Mnaongea rahisi. Watoto 94! Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wamejaa, madarasa hayajafuata kasi. Leteni madarasa na walimu kwanza, urafiki utakuja wenyewe.

Bint Ujiji
Mkongwe sawa, lakini mtoto wa leo hawezi kusubiri tofali.
Mi nilikuwa huyo huyo wa "karamu". Shule yangu ya kwanza ukiongea Kiha unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzio, nikajifunza kunyamaza. Nilipohamia nyingine kulikuwa na mwalimu, sio Muha hata kidogo, asubuhi anaingia anasema "Mwakeye!" kwa lafudhi ya ajabu mpaka darasa zima tunavunjika mbavu, halafu ananiuliza mimi, nimekosea wapi? Mbele ya watu! Nikamrekebisha. Siku hiyo wa kuchekwa alikuwa yeye. Baadaye hata wa Kiswahili cha Ujiji wakawa wananifuata niwafundishe matusi ya Kiha (hilo usimwambie mkuu wako).
Swali mwalimu, anachora nini pale chini?

Mwl wa Mwembeni
Asanteni. Bint Ujiji umenikamata, sikuwahi kuuliza, leo nimeenda kuchungulia kabla hajafuta. Ni mtumbwi, na pembeni kaweka vimistari vingi, nikadhani ni mvua. Nikamwambia hii mvua kubwa, akanitazama kama mjinga, akasema sio mvua ni nyavu, na hapa imechanika. Ndo sentensi ndefu kuliko zote tangu aje. Yule mropokaji wangu alikuwa nyuma yangu anasikiliza (huyu hata kumteua sikuhitaji), akadakia kwamba na goli letu halina nyavu. Nimewaacha wanabishana.
Baba Zai, mbalamwezi inaanza lini? Nataka nimpelekee mkuu tarehe.

Baba Zai
Alhamisi ijayo tunatoa mitumbwi majini. Kikao wekeni Jumamosi saa nne. Na mabaki ya nyavu kwa ajili ya hilo goli yapo, mtume huyo mtoto mwaloni, aje na mropokaji wake.