Kiwanja kimoja, nyumba nne, watu wanne: tuandikiane vipi?

mwana_fuoni
Asalaam alaykum jamani. Mie na wenzangu watatu (wawili ndugu wa damu) tumepata kiwanja kikubwa upande wa Tunguu, huku Unguja, tunataka tujenge nyumba nne ndani ya uwa mmoja, geti moja, kisima kimoja. Anayeuza anasema liandikwe jina la mtu mmoja tu ndo rahisi, wengine tuandikiane karatasi kwa sheha (kiongozi wa mtaa). Mmoja wetu yuko Oman yeye atatuma pesa tu. Roho yangu haijatulia. Na ile sheria ya kondomini (jengo moja lenye wamiliki wengi) ni ya maghorofa ya wageni tu au na sisi tumo?

bi_kwerekwe
Waalaykum salaam. Jina moja msithubutu!! Leo mnacheka pamoja, kesho aliyeandikwa anafariki (Mungu awape umri nyote) na kiwanja chote kinaingia kwenye mirathi yake, mke na thumni yake (fungu moja kwa nane), watoto na mafungu yao, na nyie mnakwenda mahkamani na karatasi imekunjwa mpaka imepasuka katikati. Sheha ni shahidi mzuri lakini hasajili ardhi. Na asikwambieni mtu "ataandika wasia", wasia mwisho wake thuluthi, zaidi ya hapo mpaka warithi waridhie.

wakili_uchwara
Bi Kwerekwe kasema kweli. Naongezea, kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, nyie mnachonunua ni haki ya kuitumia, kwa hiyo kwanza mtake waraka wa huyo muuzaji na muuhakiki Kamisheni ya Ardhi. Muulize pia kama si eka tatu, zile zilitolewa na serikali baada ya Mapinduzi watu walime, haziuzwi kama viazi.
Kondomini ni sheria namba 10 ya 2010 na wala si ya wageni peke yao, mtu anamiliki sehemu yake na ngazi, paa, njia zinakuwa za wote chini ya jumuiya ya wamiliki. Ila imekaa kighorofa zaidi. Kwa nyumba nne za chini mie ningegawa kiwanja kila mtu na waraka wake, njia na kisima vibaki vya pamoja kwa mkataba.
Huyo wa Oman ana pasi gani? Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, na haki ya ardhi huku ni ya Mzanzibari. Aulize kabla hajatuma hata shilingi.

mtoto_wa_wete
Kitu kimoja kwenye kugawa. Mkiwa washirika kwenye ardhi ambayo bado haijagawiwa, mwenzenu akiuza fungu lake mna shufaa, mnalichukua nyie kwa bei ile ile kabla ya mtu wa nje. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mipaka ikishawekwa shufaa hakuna tena, jirani hana haki hiyo. Kwa hiyo mkigawa andikeni wenyewe kwamba anayeuza awaambie wenzake kwanza, na iwafunge na warithi, sio nyie wanne tu.

fundi_bomba
Nyie mnazungumza mirathi, mie nakaa uwa wa namna hiyo miaka, ugomvi wetu hautoki kwenye ardhi unatoka kwenye pampu. Waya ulivutwa kutoka nyumba ya mmoja, sasa tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikimwishia yeye sote hatuna maji, na akinuna anazima swichi makusudi watu wana majanaba 😂 Pampu iwe na mita yake na muandike nani anakusanya pesa, nani anatengeneza ikiungua. Na mashimo ya choo yawe mbali na kisima, hilo mlichore kabla ya tofali la kwanza.

mwana_fuoni
Ahsanteni sana. Nimempigia wa Oman kumbe keshachukua pasi ya huko zamani, hata hajatwambia. Na muuzaji nimemtaka waraka, anasema uko kwa kaka yake Mkwajuni.

bi_kwerekwe
Arbuni usitoe mpaka uuone kwa macho. Na umuone na huyo kaka mtu, isije ikawa mirathi ya baba yao haijagawiwa.