Godauni la Iyunga au ghorofa ya Mwanjelwa? Kikundi cha sanaa tunatafuta ukumbi, kodi inatakiwa Jumamosi

Mshika_Manyanga (mwanzisha mada)
Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha maigizo, ngoma na mashairi hapa Mbeya. Miaka yote tunaazima kumbi za watu, sasa tumechanga tupate pa kwetu. Tumebakiwa na sehemu mbili.

Mwanjelwa, ghorofa ya kwanza juu ya maduka: vigae, dari, umeme, unahamia leo kesho unaonyesha. Iyunga, godauni la zamani la mazao: kubwa, liko chini, bati tupu, sakafu imebanduka.

Tunataka kila mtu ajisikie yuko kwake, wakiwemo wenye ulemavu, wazee na akina mama wenye watoto. Wenye nyumba wote wawili wanataka kodi ya miezi sita, mwisho Jumamosi. Mngechukua lipi? Nawasilisha.

Fundi_Kihesa
Mkuu, kwa maelezo hayo hatuwezi kukushauri. Ngazi za Mwanjelwa ziko ngapi? Milango ina upana gani? Choo kiko wapi? Kodi shilingi ngapi, na mkishalipa mnabaki na ngapi ya ukarabati? Leta vipimo.

MamaWawili_Forest
Mwanjelwa. Daladala zinapita, watu wanatoka sokoni wanaingia. Iyunga saa tatu usiku mwanamke mwenye mtoto mgongoni anarudi na nini? Ukimkaribisha mtu ujue na atakavyofika kwake.

Mtunzi_Uyole
Natumia kitimwendo na ni mshairi, kwa hiyo mniwie radhi nikienda kirefu.

Nilialikwa kusoma shairi kwenye ukumbi mmoja, mji siutaji. Mwenyeji akaniambia kwa simu, "Usijali kaka, vijana wapo, watakubeba." Ukumbi ghorofani. Tangu asubuhi sikunywa maji, maana habari ya choo nilishaijua bila kuuliza. Vijana wanne wakaninyanyua, wana roho nzuri kabisa, ila hakuna aliyewahi kuonyeshwa pa kushika. Mmoja akashika pale pa kuegemeza mkono, na pale huwa panachomoka. Pakachomoka. Nikalalia upande katikati ya ngazi, daftari langu likaporomoka mpaka chini, watu wamejibanza ukutani wananiangalia, wengine "pole, pole". Nimefika juu shati limenitoka kiunoni.

Jukwaa nalo lina ngazi mbili. Sikutaka kubebwa tena, nikasomea sakafuni, waliokaa nyuma wakaambulia sauti tu. Mapumziko wenzangu wakashuka kunywa chai, mimi nikabaki juu na viti vitupu. Siku hizi nikialikwa naulizia ngazi kwanza. Nikijibiwa "vijana wapo", siendi.

Mshika_Manyanga
Kaka Mtunzi, pole sana. Nimekusoma mara tatu, na nakiri kuna siku nami nimemjibu mtu hivyo hivyo.

Vipimo nimechukua leo. Mwanjelwa: ngazi 22 zenye kona katikati, mlango sentimita 68, choo kipo huko huko juu. Kodi 400,000 kwa mwezi. Iyunga: geti la mbele mita 2.5, LAKINI sakafu imeinuliwa sentimita 90 kutoka ardhini, ile ya malori kupakulia. Niliandika "liko chini" kwa sababu mimi huwa naruka tu. Choo kiko uani, cha kuchuchumaa. Kodi 250,000. Mfukoni tuna milioni 3.

Fundi_Kihesa
Afadhali. Mwanjelwa mnabaki na 600,000 na ngazi huwezi kuzigusa, jengo si lako. Iyunga mnabaki na milioni 1.5.

Ila sentimita 90 si mchezo. Rampu hupimwa moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita moja, unatembea kumi na mbili. Hapo ni mita 10.8, bado sehemu tambarare ya kupumzikia, mita 1.5, na mabomba ya kushika pande zote mbili. Fundi akikwambia mita nne zinatosha mkatalie, hiyo ni ya kupandishia magunia. Na uso wake usisuguliwe ukang'aa. Saruji ikiwa bado mbichi, pitisha ufagio wa chelewa kwa kukingama, magurudumu na viatu vipate pa kung'ang'ania wakati wa mvua. Nyuma ya godauni ardhi ikoje?

Nyanda_Zote
Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Mwenye jengo naye abebe mzigo.

MamaWawili_Forest
Ukimtajia sheria kabla hujaingia anampa mwingine. Mwombeni akate gharama kwenye kodi, muandikishane.

Mkalimani_Iringa
Mmeng'ang'ania ngazi peke yake. Kazi yangu ni lugha ya alama. Kiziwi atapanda zote 22 na bado onyesho limpite, kwa sababu mmezima taa na mkalimani yuko gizani. Mwekeeni taa yake, asimame pembeni mwa jukwaa, nyuma yake ukuta wa rangi moja, pazia la maua linachosha macho. Na taa kali msiwaelekezee watazamaji, wenye ualbino zinawaumiza.

Mkifika Iringa ingieni mgahawa wa Neema Crafts. Wahudumu ni viziwi, unaandika oda yako kwenye karatasi. Muda mfupi tu unajikuta wewe ndiye unajifunza kusema asante kwa mkono.

Ngoma_Rungwe
Bati tupu mvua ya Januari? Hamtasikilizana. Ila mimi nauliza, ukumbi wa nini? Ngoma zetu ni za uwanjani. Uwanja hauna mlango wala ngazi, ni wa wote.

Mtunzi_Uyole
Kaka, uwanja ukinyeshewa magurudumu yanazama hadi kwenye spoku. Nimewahi kuitazama ngoma nikiwa barabarani, nikiona migongo ya watu.

Ngoma_Rungwe
Hilo sikuliwaza. Lakini kwenye dari sibadiliki.

Mshika_Manyanga
Fundi, umenisaidia. Nyuma ardhi imepanda. Kuna mlango wa sentimita 95 na kizingiti cha 20 tu, yaani rampu mita 2.4. Shida unatokea kwenye uchochoro wa jirani mwenye mashine ya kusaga.

Mtunzi_Uyole
Niingie nyuma peke yangu wakati wenzangu wanapita mbele? Mimi nasema geuzeni. Bango liwe huko, tiketi zikatwe huko, wote tupite mlango mmoja.

MamaWawili_Forest
Hapo umenigusa. Lakini uchochoroni usiku? Wekeni taa, na muongee na vijana wa bajaji wasubiri onyesho liishe. Bila hivyo bado nasema Mwanjelwa.

Mshika_Manyanga
Jirani kasema nirudi kesho jioni akishafunga mashine. Hajakubali, hajakataa.

Fundi_Kihesa
Ukienda angalia maji ya bati lake yanashukia wapi. Yakiangukia uchochoroni, mtahitaji mfereji kabla ya rampu. Na choo cha uani usikisahau, mlango wake ufungukie nje.

Nyanda_Zote
Samahani, nje ya mada kidogo. Nani anamfahamu fundi wa vitimwendo hapa Mbeya? Cha mama tairi dogo la mbele limepasuka, wiki ya pili hajatoka nje.

Mtunzi_Uyole
Yupo mmoja Kabwe. Nitumie ujumbe.