Fonti ya brashi: "aa" zinafanana kama mhuri

Swali: Nimechora herufi kwa brashi na wino, nikaziskani na kuzigeuza vekta (michoro ya mistari inayokuzwa bila kupoteza ubora). Kwenye bango "aa" zinafanana kabisa, tena faili ni zito mno. Nirekebishe wapi?

Jibu: Uzito unatokana na nukta, yaani pointi zinazoshikilia umbo la mistari ya vekta. Ugeuzaji wa kiotomatiki huweka nukta kwenye kila unyoya wa brashi, herufi moja ikabeba mamia. Skani kwa dpi 600, futa madoa, kisha rahisisha mistari. Nukta zikae kwenye vilele vya mikunjo. Lakini usilainishe kila kitu! Ile mikwaruzo mikavu mwishoni mwa mstari ndiyo uhai wa fonti. Bakiza mikubwa miwili mitatu.

Jibu: Kuhusu kufanana, chora "a" nyingine kwa mkono, usinakili na kuipindisha, jicho hugundua. Iite a.alt1, kisha kwenye calt (kipengele cha fonti kinachobadilisha herufi kulingana na jirani zake) andika hivi; alama ' huonyesha herufi inayobadilishwa:

sub a a' by a.alt1;
sub a @konsonanti a' by a.alt1;

Mstari wa pili unashughulikia "baba" na "mama". Fafanua kundi @konsonanti (orodha ya konsonanti zako) kwanza, la sivyo fonti haitajengwa.

Jibu: Na a.alt1 iingie kwenye kundi la kening (marekebisho ya nafasi kati ya jozi za herufi) la "a", la sivyo nafasi zitayumba. Ikigoma kubadilika, hakikisha programu imewasha calt.