Dada ana uvimbe wa ubongo, nyumbani wamemkataza sukari na ugali. Ni sahihi?

Kijana wa Tandika
Wakubwa shikamooni. Dada yangu anauza vitumbua hapa Tandika. Februari alianguka kifafa mbele ya kikaango, mafuta yakamuunguza mkono. MRI ikaonyesha uvimbe kichwani, akapasuliwa, sasa yuko kwenye mionzi.

Balaa limeanzia kwenye simu ya mama mdogo. Katumiwa klipu WhatsApp: kansa inakula sukari, ukiinyima inakufa. Tangu hapo wali marufuku, ugali marufuku, chai haina hata punje ya sukari. Wiki ya tatu hii, kanga inamzunguka mara mbili. Juzi nimemkuta uani anakula andazi kageukia ukutani, kama mtoto aliyedokoa. Huyu ndiye aliyenilea. Kliniki ni Alhamisi, nataka nijue la kuuliza.

Babu wa Feri
Mpe juisi ya stafeli asubuhi na jioni. Utakuja kunishukuru.

Mzee wa Darubini
Babu, stafeli lina sukari yake nyingi tu. Sasa andazi amekosea nini?

Kijana, hiyo klipu imeshika mkia wa ukweli. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona seli za uvimbe zinabugia glukosi na kuigeuza asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo tele. Seli ya kawaida yenye oksijeni huichoma glukosi mpaka mwisho. Ya uvimbe inachoma juujuu, na sehemu nyingine inaifanya matofali ya kujengea seli mpya.

Lakini sukari ya damu haitoki kwenye kikombe cha chai peke yake. Mtu akishinda na njaa, ini linaitengeneza lenyewe, hata kwa kuchota protini za misuli. Ndiyo hiyo kanga. Uvimbe nao haujafungwa kwa glukosi: unajua kutumia glutamini, kijenzi kimoja cha protini, unajua kutumia mafuta. Na ubongo wa dada, ambao ni kama 2% ya uzito wake, unakula karibu 20% ya nishati yote. Anayeshindishwa njaa hapo ni mgonjwa. Ule mlo wa mafuta mengi na wanga kiduchu umejaribiwa kwa wagonjwa, tena chini ya uangalizi, na haujathibitishwa kwamba unarefusha maisha.

Anameza deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo? Hiyo inapandisha sukari kweli, apimwe kidoleni. Asije akaiacha ghafla kwa kuogopa sukari.

Sasa la Alhamisi. Mimi nimezeeka maabara, nakata vinyama na kuvitia rangi. Ndugu wanauliza "ni kansa au si kansa?" wanaondoka. Uliza: IDH imepimwa? Ni kimeng'enya cha kwenye seli. Jeni yake ikiharibika kinaacha kazi yake na kuzalisha 2-haidroksiglutareti, ambayo ikijaa inazuia seli kukomaa. Mwaka 2008 ndipo uharibifu huo ulipogunduliwa kwenye uvimbe wa ubongo. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenibi, kidonge cha kukizuia kimeng'enya hicho, kwa gilioma, yaani uvimbe wa seli zinazotegemeza neva za ubongo, za daraja la 2 zenye mabadiliko hayo, baada ya upasuaji. Kwenye utafiti wake, waliokimeza walikaa miezi 27.7 kwa wastani wa kati kabla ugonjwa haujasonga au kifo. Waliopewa kidonge kitupu, 11.1. Si tiba ya kumaliza. Kwa glioblastoma, ile gilioma kali kabisa, hakihusiki, na sikuahidi kwamba utakikuta dirishani hapa mjini. Ila huko ndiko ulaji wa seli unakoshambuliwa kweli, siyo kwenye bakuli la sukari.

Mama Wawili Mbezi
Pole mdogo wangu. Mume wangu alipitia hayo hayo. Kilichomvusha wakati wa mionzi ni uji wa ulezi wenye karanga, kidogo kidogo, maana kinywa kilikataa kila kitu. Mama mdogo usimgombeze. Nenda naye kliniki, asikie kwa masikio yake.

Kijana wa Tandika
Ahsanteni. Nimefungua bahasha ya majibu: "astrositoma, daraja la 2". Chini, penye IDH, wameandika "haikupimwa". Mzee, kile kinyama bado kinaweza kupimwa?

Mzee wa Darubini
Kinaweza, na astrositoma ni gilioma mojawapo. Kinyama kikihifadhiwa kwenye nta kinakaa miaka. Nakili namba iliyo juu ya karatasi, uende nayo Alhamisi, uombe kipimwe. Na dada apewe ugali wake leo.