Naomba ushauri: shokapu za mbele ni ngumu kwa mtoto mwepesi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na baiskeli za milimani.

Binti yangu ana miaka 9 na kilo 27. Shokapu za mbele za baiskeli yake ni za upepo, mwendo wake (umbali wa kuzama mpaka mwisho) ni milimita 100. Nimepunguza upepo mpaka akipanda zinazama milimita 25 hivi, yaani robo, kama inavyoshauriwa. Hata hivyo, kwenye mawe na mizizi hazifiki hata nusu ya mwendo, na mikono inamuuma mapema. Nikipunguza zaidi, zinalala akishika breki kwenye mteremko, na hilo linanitia hofu kuliko ugumu wenyewe. Kirekebishi cha kasi ya kurudi nimekifungua chote, bado zinarudi polepole. Nahisi oili ya ndani ni nzito mno kwake. Sili (mipira ya kuzuia vumbi na oili) nimezisafisha na kuzilainisha, nafuu ni ndogo.

Je, nianze kwa kuweka oili nyepesi zaidi, au nitoe kwanza vile vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ya upepo? Na nikivitoa vyote, hazitagonga mwisho akiruka na kutua? Anapenda sana kuendesha, sitaki maumivu yamkatishe tamaa.

Natanguliza shukrani.